Klachi Kavu Iliyotiwa Oili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kelele za Ducati

Pikipiki iliyoletwa kwangu mwishoni mwa masika ilikuwa Ducati Monster S2R 1000 ya mwaka 2007, na ilikuja juu ya kirikuu kwa sababu ilikuwa haiwezi tena kupanda hata mwinuko mdogo: injini ilinguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gurudumu la nyuma halikupata nguvu. Mwenyewe, kijana anayefanya kazi ya uhasibu hapa Dar es Salaam, alikuwa ameinunua miezi miwili kabla kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, ikiwa imetembea kilomita 31,000, na kabla ya hapo pikipiki pekee aliyowahi kuimiliki ilikuwa Boxer ya cc 150. Nilimwomba aliache kwanza tatizo la siku hiyo na anieleze jambo la mwanzo kabisa lililomtia wasiwasi. Klachi (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) ambayo juzi ilikuwa nzima na leo inateleza kabisa mara nyingi imeguswa na mtu, na mtu huyo huwa ameigusa kwa kuogopa kitu kingine.

Jambo la mwanzo lilikuwa kelele. Kila aliposimama kwenye taa akiwa amebana klachi, upande wa kulia wa injini ulitoa mlio kama wa vijiko vinavyotikiswa ndani ya bakuli la bati, mlio mkubwa kiasi cha kuwafanya wenye bajaji waliokuwa pembeni wageuke kumtazama. Akiweka gia huru na kuachia klachi, mlio ulipungua ukabaki mgongano mwepesi. Akiondoka na injini ikaanza kuvuta, haukusikika tena. Alipoipeleka pikipiki kwenye gereji ya mtaani kwao, fundi alisikiliza kwa muda mfupi akatikisa kichwa: "Bwana mdogo, hii injini inakula beringi za krenki," yaani za shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, kijana aliomba angalau kava la upande wenye kelele lifunuliwe. Fundi alilifungua, akakuta sahani za klachi zimekauka na zimefunikwa na vumbi jeusi, akahitimisha kwamba oili yote ya upande ule ilikuwa imepotea. Alifuta vumbi, akazipaka sahani oili ya injini kwa brashi, akafunga. Kelele zilipungua siku ile ile. Siku ya pili klachi ilianza kuteleza, na siku ya nne pikipiki ikapakiwa kwenye kirikuu.

Sitaki fundi yule adharauliwe, maana alichokifanya kilikuwa sahihi kabisa kwa pikipiki zote alizowahi kuzishika. Boxer, TVS na Honda ndogo zinazobeba abiria nchini kote zina klachi inayooga ndani ya oili ya injini. Ukiifungua ukaikuta kavu na nyeusi, umekuta msiba. Sikio lake pia lilifundishwa na pikipiki hizo. Katika klachi ya oili, kelele ya kawaida ya upande wa gia husikika zaidi ukiwa gia huru na umeachia klachi, kwa sababu shafti ya kuingiza nguvu kwenye giaboksi inazunguka na gia zinagongana kidogo. Ukibana klachi, shafti hiyo hupungua mwendo na kelele hufifia. Sasa akaletewa pikipiki inayofanya kinyume, inayopiga kelele ukibana na kutulia ukiachia. Kwa fundi aliyezoea mpangilio ule mmoja, kinyume hicho hakiwezi kuwa na maana nyingine ila ugonjwa.

Lakini S2R 1000 haina klachi ya oili. Klachi yake iko nje ya sehemu ya injini inayohifadhi oili, nyuma ya kava jepesi unaloweza kulifungua bila kumwaga tone, na kinachoitenga na oili ya ndani ni sili iliyo nyuma ya hausingi. Hausingi ni kama bakuli lenye kingo zilizokatwa mianya. Imefungwa kwa bolti kwenye gia kubwa inayopokea mzunguko kutoka krenki, kwa hiyo inazunguka wakati wowote injini inapozunguka. Ndani yake zimepangwa sahani za aina mbili kwa kupokezana. Zile zenye mkaa wa msuguano zina ndimi zinazoingia kwenye mianya ya hausingi. Zile za chuma kitupu zina meno ya ndani yanayoshika habu, na habu ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Springi sita hukandamiza presha pleti juu ya rundo hilo lote, na rundo likikandamizwa linakuwa kama kipande kimoja. Ukibana mkono wa klachi, hidroliki husukuma fimbo ndefu inayopita katikati ya shafti kutoka upande wa kushoto wa injini, fimbo huinua presha pleti kwa kiasi kidogo sana, na sahani zote zinabaki huru.

Huru maana yake nini katika hali hii? Maana yake ni kwamba kila sahani inaelea ndani ya mianya yake ikiwa na nafasi ya sehemu ndogo ya milimita mbele na nyuma ya kila ulimi, bila kitu cha kuishikilia na bila utando wa oili wa kupunguza pigo. Nafasi hiyo lazima iwepo, kwani bila nafasi sahani zisingeweza kuteleza kwenda nje na ndani klachi inapofunguka na kufunga. Katika klachi ya oili nafasi kama hiyo ipo vilevile, ila oili iliyojaa kati ya ulimi na ukingo hufanya kazi ya mto. Hapa ni chuma kwa chuma, na kava jepesi lililo mbele yake linapokea mlio huo na kuutoa nje. Wapenda mbio wengi huondoa kava hilo na kuweka lenye matundu ili klachi ipate hewa, na hao husikika kutoka mbali zaidi.

Bado kuna swali la kwa nini sahani huru zigonge badala ya kuzunguka pamoja na hausingi kwa utulivu. Jibu liko kwenye injini yenyewe. Silinda mbili za Ducati hii zimewekwa kwa pembe ya nyuzi 90 na pistoni zote mbili zinashika pini moja ya krenki, kwa hiyo milipuko haigawani mzunguko sawasawa: kutoka mlipuko mmoja hadi wa pili krenki inazunguka nyuzi 270, kisha nyuzi 450 kabla ya mlipuko unaofuata. Injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka taratibu bila kuongezwa mafuta, kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, pengo la kwanza ni milisekunde 45 na la pili ni 75. Katika pengo lile refu krenki inapungua kasi, sahani huru zinaendelea kwa mwendo wake na kugonga upande mmoja wa mianya. Mlipuko unapokuja, hausingi inarushwa mbele na kuzipiga kwa upande wa pili. Ndiyo sababu mlio huu una mapigo yasiyolingana, kama mtu anayetembea kwa kuchechemea. Ukiongeza mafuta kidogo, milipuko hukaribiana, krenki hutulia, na mlio hulainika. Ukiweka gia na kuondoka, injini huegemeza ndimi zote upande mmoja wa mianya na zinakaa hapo. Na ukiachia klachi ukiwa gia huru, rundo zima lililobanwa linacheza kidogo kama kitu kimoja kizito, na huo ndio mgongano mwepesi aliousikia kijana.

Kwa hiyo maneno yake matatu ya mwanzo, yaani mlio mkubwa akibana, mdogo akiachia, na kimya injini inapovuta, yalikuwa yameshataja chanzo kabla sijashika spana. Beringi ya krenki iliyokwisha haijui kama umebana klachi au umeachia. Inagonga kwa kufuata mizunguko ya injini, na inagonga zaidi pale injini inapobeba mzigo, ambapo klachi kavu huwa kimya. Fundi wa kwanza aliuliza kelele inatoka wapi, akajibiwa upande wa kulia, na upande wa kulia una vitu vingi. Swali la kelele inatokea wakati gani halikuulizwa.

Hata hivyo sikutaka kutegemea mantiki peke yake kwenye injini ya mtu. Nilimwaga oili na kuipitisha kwenye kitambaa cheupe, nikaangalia sumaku ya bolti ya kumwagia: kulikuwa na unga laini wa kijivu ambao ni wa kawaida, hakukuwa na vipande wala chembe zinazong'aa kama za beringi iliyochunika. Niliweka bisibisi ndefu sikioni na ncha yake kwenye maungo ya injini sehemu mbalimbali huku injini ikiwa silensa. Karibu na krenki palikuwa na mngurumo sawia. Kwenye kava la klachi palikuwa na mapigo hafifu, yaliyofifishwa na oili iliyopakwa. Hapo nilikuwa na hakika kwamba injini haikuwa na shida.

Nilipofungua kava nilitafuta jibu la swali moja lililobaki, nalo ni kama oili ile ilipakwa tu au kuna nyingine iliyovuja kutoka ndani, kwa sababu sili mbovu ingeharibu pia sahani mpya. Sahani za nje zilikuwa zimelowa zaidi, za ndani kabisa zilikuwa na michirizi tu, na nyuma ya hausingi palikuwa na vumbi kavu lililoshikamana bila alama ya unyevu. Oili inayovuja kutoka kwenye sili ingeanza nyuma na kutapakaa kuelekea nje kwa nguvu ya mzunguko. Hii ilitoka mbele. Sili ilikuwa nzima.

Kisha nikapima. Vitabu vya karakana vya Ducati za aina hii huruhusu nafasi kati ya ulimi na ukingo wa mwanya isizidi 0.6 mm, na unene wa sahani ya msuguano usipungue 2.8 mm. Fila geji ilinipa 0.4 hadi 0.5 mm kwenye mianya yote niliyoipima, na sahani zilikuwa na 2.9 mm. Kingo za hausingi zilikuwa na alama za mapigo, lakini si mashimo yanayoweza kunasa ukucha. Bolti zinazofunga hausingi zilikuwa zimekaza. Hizo ndizo bolti ambazo sikubali kamwe kufunga klachi ya namna hii bila kuzigusa, kwani zikilegea hausingi hucheza kwenye gia yake na mlio wake hufanana na ule wa kawaida hadi siku inapovunja kitu. Tofauti yake ni kwamba hausingi iliyolegea haitulii injini inapovuta. Hugonga unapoongeza na unapopunguza mafuta, na mgongo wa mkono kwenye kava huusikia kama kishindo kizito.

Kulikuwa na mlio mmoja, hata hivyo, ambao haukuwa wa kawaida, na kelele zote nyingine zilikuwa zimeufunika. Kijana alikuwa ameutaja kwa kupita tu: akikaa muda mrefu kwenye foleni ya Mwenge amebana klachi, ndani ya makelele alisikia uzi mwembamba wa sauti, kama panya. Katikati ya presha pleti kuna beringi ndogo inayoruhusu fimbo isiyozunguka kusukuma pleti inayozunguka, na inafanya kazi pale tu unapobana klachi. Niliizungusha kwa kidole ikawa na mkwaruzo. Hii ndiyo kasoro pekee ya kweli ambayo pikipiki ilikuja nayo kwa mmiliki mpya, na inafundisha jinsi sikio linavyopaswa kugawanya kazi: mlio unaogongagonga ukibana klachi ni sahani, lakini mlio mwembamba usiokatika ukibana klachi ni beringi, hata kama yote miwili inaanza na kuisha kwa wakati mmoja. Beringi hiyo ikiachwa ivunjike, presha pleti hupinda na klachi hukataa kufunguka barabarani.

Aliniuliza pia kuhusu kilio cha asubuhi. Wakati wa masika, mara mbili au tatu za kwanza kuondoka nyumbani, klachi ilipiga kelele kama breki yenye unyevu na kukamata kwa mshtuko, kisha ikatulia kabla hajafika barabara kubwa. Hilo nalo ni la kawaida. Hewa ya pwani yetu huacha unyevu na kutu nyepesi juu ya sahani za chuma usiku kucha, na msuguano wa mara chache za kwanza huzisafisha. Ningeshtuka tu kama kilio kile kingeendelea pikipiki ikiwa imepata moto, maana hapo ningefikiria sahani zilizopinda kwa joto, au oili.

Jambo lililokuwa limemvuruga zaidi lilikuwa jingine. Rafiki yake wa Arusha ana Monster S2R na haitoi kelele yoyote, kwa hiyo hata baada ya maelezo yangu alibaki na shaka kwamba yake ilikuwa na kasoro. Nilimwomba ampigie simu rafiki huyo amuulize ukubwa wa injini. Ilikuwa S2R 800, ambayo ina umbo lile lile na jina lile lile lakini klachi yake ni ya oili. Ducati wenyewe wamechanganya hivyo kwa muda mrefu: 916 ya mwaka 1994 na warithi wake walikuwa na klachi kavu, 1098 ya mwaka 2007 vilevile, lakini 848 iliyofuata mwaka mmoja baadaye ilipewa ya oili, na Panigale 1199 ikahitimisha enzi ya klachi kavu katika pikipiki zao kubwa za kawaida. Panigale V4 R iliirudisha mwaka 2019, kwa sababu pikipiki hiyo ndiyo msingi wa mbio. Kwenye mbio klachi kavu ina faida za wazi: sahani hazikokoti oili, vumbi la msuguano haliichafui oili ya injini, na fundi anaweza kubadilisha rundo zima kwa dakika chache. Kwa mtu anayekwenda kazini Posta faida hizo ni ndogo, lakini ndizo sababu za kelele anazozisikia, na naamini mtu akijua sababu huacha kutafuta dawa.

Wala isidhaniwe kwamba kila klachi kavu hulia hivi. BMW za silinda mbili zilizolala, hadi kabla ya R1200GS ya mwaka 2013 iliyopozwa kwa maji, zilitumia klachi kavu ya sahani moja kama ya gari. Hizo hutoa mgongano wa giaboksi ukiwa gia huru umeachia klachi, na hutulia ukibana. Yaani anayeamini kwamba "kavu" peke yake inatosha kuwa utambuzi atapotea tena, safari hii kwa upande mwingine.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na mengi. Nilijaribu kwanza kuziokoa sahani za zamani kwa dawa ya kusafishia breki na msasa laini, kwa sababu unene wake ulikuwa bado mzuri na mpya zingechukua wiki tatu kufika kutoka Ulaya. Zilishika vizuri kwa safari ya kwanza. Klachi ilipopata moto, oili iliyokuwa imezama ndani ya mkaa wa msuguano ilitoka tena na utelezi ukarudi. Tukaagiza mpya. Vumbi la ndani nililitoa kwa kitambaa chenye unyevu nikiwa nimeziba pua na mdomo, kwa kuwa kulipuliza kwa kompresa ni kulivuta mapafuni. Nilipanga rundo kwa mpangilio wake, nikihakikisha ile sahani ya chuma iliyopinda kidogo kwa makusudi imerudi mahali pake na kwa upande wake, nikabadilisha beringi ya presha pleti, nikafunga.

Tulipoiwasha, kijana alibana klachi na vijiko vikalia ndani ya bakuli kama siku ya kwanza, pengine kwa nguvu zaidi kwa kuwa oili haikuwapo tena kuvififisha. Nilimwona akinitazama. Nilimwambia aachie, abane, aachie, mpaka masikio yake yaufuate mpangilio huo bila kufikiri. Kisha aende hadi Bagamoyo na kurudi, na kwenye foleni aweke gia huru na kuachia mkono badala ya kubana klachi kwa dakika nzima, kwa faida ya beringi na ya sahani. Alirudi jioni hana swali. Kabla hajaondoka niliandika vipimo vya siku hiyo, tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi ngumu, nikakigandisha chini ya kiti pamoja na mstari mmoja kwa fundi yeyote atakayefuata: "Klachi ya pikipiki hii ni kavu. Usitie oili."